Baba Yangu na Samaki wa Tchomia

Katika parsele tunayoishi hapa Bunia, nyumba kadhaa kwenye uwanja mmoja, mtu haulizwi kabila. Swali hilo limeshachoma nyumba za kutosha, na mimi sitalijibu humu pia. Tunaulizana kwa adabu zaidi: kwenu mnaishi kwa kazi gani? Kuna watu wa jembe, watu wa ziwa, watu wa duka waliohamia hapa kutoka Butembo na Beni, watu wa msitu wanaoleta asali na dawa za mizizi. Sisi ni watu wa maziwa. Kabila linajulikana hapo hapo bila kutajwa, kila mmoja anajifanya hajasikia, na kesho yake tunasalimiana tena kwenye foleni ya maji.

Mimi nilikuwa mtu wa maziwa kwa jina tu. Kazi yangu ni kushona. Niliolewa na mtu wa jembe, shangazi zangu wakasema nimekwenda kula majani, na huyo mume mwenyewe siku hizi yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu, anarudi akijisikia. Samaki nakula tangu usichana. Binti hana ng'ombe, kwa hiyo mdomo wake hauwezi kumdhuru ng'ombe wa mtu. Ndivyo wazee walivyotupangia, nami sikubishana nao, maana samaki ni mtamu.

Baba alikuwa habari nyingine. Alizaliwa zizini, akaoa kwa ng'ombe, akatuzaa na kutusomesha kwa ng'ombe. Kwake mwiko wa samaki ulikuwa wazi: mwenye ng'ombe aliye hai hali samaki. Akila, samaki anashuka tumboni mwa mwenye ng'ombe, na huko malishoni kiwele kinakauka, ndama anakufa, kisha ng'ombe mwenyewe anafuata. Usiniulize samaki anapitia njia gani. Nilimuuliza nikiwa mtoto, akanitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Alikuja kwangu kwa miguu kutoka vilima vya upande wa Bogoro, baada ya watu wenye silaha kufagia zizi lote asubuhi moja. Walichukua hata ndama. Alibaki na fimbo, kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa, na ng'ombe mmoja ambaye hakuwa nyumbani siku ile. Kwetu kuna desturi ya kumpa rafiki ng'ombe amfuge. Unamchagua mtu wa kazi nyingine, unampa mtamba, yeye anamkamua na kunywa, ndama mnagawana, na kuanzia hapo hamuwezi kupigana, kwa sababu mali yako inalala kwake. Baba alikuwa amempa mtamba wake aliyempenda kuliko wote rafiki yake, mzee wa watu wa jembe, anayeishi kijiji cha mbali, ng'ambo ya barabara kuu. Miaka ilipita, watu wa pande hizi mbili wakafanyiana mambo nisiyotaka kuyaandika, na wale wazee wawili wakaendelea kupigiana simu kuulizana habari za ng'ombe.

Kwa hiyo katika dunia nzima baba alikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo alikuwa hai, na barabara ya kwenda kwake ilikuwa imefungwa.

Tatizo lilikuwa chakula. Maziwa Bunia yalikuwa yamekuwa adimu, maana mifugo iliyosalia ilikimbizwa mbali. Yaliyofika yalikuja kwenye vidumu juu ya pikipiki, nusu maji, na hayo pia yalikatika. Ya unga baba aliyatema. Kuku na mayai hakuyaita chakula. Ndege, alisema, ni wa kutazamwa. Nyama ya ng'ombe niliweza kuinunua kwa sikukuu tu. Maharage aliyakubali kwa shingo upande, tumbo lake likayakataa. Kilichobaki ni bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo, bila kitu, asubuhi na jioni, na mzee aliyezoea kunywa maziwa maisha yake yote hawezi kusimama kwa sombe.

Akaanza kwisha. Kwanza mashavu yaliingia ndani, kisha miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikampeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, nikimshikilia kwa nyuma asianguke. Muuguzi alimpima, akanivuta pembeni.

"Mama, huyu muzee haiko na ugonjwa. Iko na njaa. Mutafutie samaki ya Tchomia, ile kadogo ya moshi, umutwangie mu uji kila siku. Usipofanya vile, utamuzika."

Nikamweleza kuhusu mwiko. Akacheka bila ubaya. "Mwenye njaa hana miiko," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Methali hiyo niliichukia siku ile. Walioitunga hawakumjua baba yangu.

Samaki hakuwa mbali. Mlango unaofuata wangu ni wa mama mmoja wa watu wa ziwa, mjane, anayepokea samaki kutoka Tchomia ufukweni mwa ziwa na kuwauza sokoni. Baba alipohamia kwangu, mama huyo alihamisha sinia zake za samaki mwenyewe, akazipeleka nyuma ya nyumba ili harufu isimkute mzee kwenye kiti chake. Hakuna aliyemwambia. Nilipomweleza maneno ya muuguzi alijaza bakuli, akanipa. Lakini alipoona ninaangalia kinu, akaelewa ninachowaza, akaweka mkono juu ya bakuli lake.

"Nitakupa kila siku, hata bila kitu. Lakini usimuwekee mu chakula kwa kuiba. Kwetu ku ziwa tuko pia na mambo yetu. Mwanamuke haruke wavu. Mutu akinitandikia wavu mu njia mu giza, niiruke bila kujua, mie nitamusamehe?"

"Atakufa, mama," nikasema.

"Basi muombe akule. Muombe kabisa."

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya kiti chake, mimi mwanamke mzima mwenye watoto. Nilimwambia nimeshamzika mama, sina nguvu ya kumzika na yeye. Nilimwambia ng'ombe ni mnyama. Hilo la mwisho nilijuta kabla halijaisha kutoka.

Baba hakukasirika. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Ile ngombe iko inaishi juu ya mie sikule. Ni kazi moya tu ilibakia kwangu, mama. Sina zizi, fimbo yangu haina kitu ya kuchunga. Niko nachunga na kinywa. Unataka niache na ile?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikalia hadi sindano sikuiona.

Nikampigia simu yule rafiki yake. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu mtu mwingine ajue. Nilimweleza kuhusu miguu iliyovimba, samaki, muuguzi, magoti. Alinisikiliza bila kunikatiza, kwa nyuma nikasikia ng'ombe akicheua karibu na simu, au labda nilidhani. Mwishoni alisema, "Nimesikia, mutoto yangu," akakata.

Kesho yake alipiga tena, akataka kuongea na baba. Nilimwekea simu sikioni. Baba alisikiliza, akauliza, "Ilianguka wapi?" Kisha akauliza kama alimfunika majani. Kisha akanirudishia simu.

Ng'ombe alikuwa amekufa. Baba alishuka kwenye kiti akakaa chini, akafungua mkanda wake, kama wanavyofanya wanaume wa kwetu wakifiwa. Hakulia. Watu wa parsele walikuja kumpa pole mmoja mmoja: mtu wa duka alivua kofia, mama wa samaki alikaa kwenye mkeka kwa mbali na mikono aliyoinawa kwa sabuni. Katika mji huu uliojaa vifo vya watu, walikaa matanga ya ng'ombe wa mzee mmoja, na hakuna aliyetabasamu. Siku nyingine ninapokata tamaa kabisa na mkoa huu wa Ituri, naikumbuka mikeka ile.

Siku iliyofuata, saa ya chakula, baba alifunga mkanda wake.

"Ita jirani," akasema. "Alete ile mambo yake."

Mama wa samaki alileta samaki wa mchuzi kwenye sahani ya kupakulia wageni. Baba alifumba macho, akaweka kipande mdomoni, akatafuna muda mrefu. Tulimtazama koo. Kilipita. Alifungua macho na kusema kina miba mingi, na mama wa samaki akamwahidi kumchagulia wasio na miba.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahia kifo cha yule ng'ombe. Kufa kufaana, nilijisemea, nikatwanga na kupika na kupakua. Uvimbe ukashuka. Baba akaanza kutembea hadi kwenye lango, kisha hadi barabarani, akaanza hata kumtania mama wa samaki kwamba watu wa ziwa wanakula mnyama asiye na miguu kwa sababu ndiye pekee hawezi kuwakimbia. Jirani akamjibu kwamba wa miguu minne wamewakimbia watu wa maziwa. Mwingine angemwambia hivyo pangekuwa na ugomvi. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Kisha adhuhuri moja lango likasukumwa, na akaingia yule rafiki. Mavumbi yamemfunika mpaka kope. Mkononi ameshika kamba, na nyuma yake, mbavu zikihesabika lakini mzima, yule ng'ombe.

Nilimjua kwa baka jeupe la begani.

Kijiji chake kilikuwa kimechomwa. Alikimbia kwa kupita porini, akalala vichakani, akaacha mbuzi wake, akaacha mbegu zake, akaacha baiskeli. Alichokiokoa ni ng'ombe wa rafiki yake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema, na huyu alifaa kupita kiasi. Alisimama katikati ya parsele akamwambia baba, akimwita ndeko, ndugu, bila kuinua macho:

"Ndeko yangu, nilikudanganya ile siku. Mutoto alilia mu simu. Nikasema, akule kwanza, akuwe na nguvu, ingine tutasemezana tukiwa bazima. Kwetu mutu akikula, mambo imeisha."

Ndivyo watu wa jembe wanavyohesabu. Mvua ikikosa wanapanda tena. Alikuwa amefuga ng'ombe wetu miaka yote ile, anaujua mwiko, anajua samaki haruhusiwi. Hakujua kwamba kwetu jambo likishapita mdomoni halina msimu wa pili. Sikuweza kumkasirikia. Nilikuwa nimemlilia mimi, na alinifutia machozi kwa njia aliyoijua.

Ng'ombe alimwona baba akamwendea moja kwa moja, akanyoosha shingo. Baba alirudi nyuma. Alijiziba mdomo kwa kiganja, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, asimpulizie pumzi yake.

Tangu siku ile hakula. Samaki hakumgusa, kwa kuwa ng'ombe alikuwa hai na kila kipande sasa kingekuwa kisu. Yule rafiki alikamua maziwa kidogo, chupa ndogo tu, akamletea. Hakuyagusa pia, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe wako hayaingii kwenye mdomo uliomsaliti. Sombe alisema haina ladha. Alikunywa maji. Nyama ya mwili aliyoirudisha kwa samaki ikaanza kuondoka tena, haraka kuliko mara ya kwanza. Maji yalikuwa yamezidi unga, nami sikuona pa kushika.

"Hakuna dawa?" nikamuuliza. "Tangu zamani hakuna aliyewahi kukosea?"

Ilikuwepo. Alinieleza bila matumaini, kama mtu anayeelekeza njia iliyofungwa. Aliyekosea anakalishwa mbele ya moshi wa samadi, anapakwa majivu yake kwenye ulimi, na mzee wa watu wa maziwa anamsuuza mdomo kwa mkojo wa ng'ombe. Lakini mzee huyo lazima awe hajawahi kuonja samaki hata siku moja.

Samadi ninayo, nikasema, ng'ombe amefungwa pale. Mzee nitamtafuta.

Niliacha nguo za watu bila kushonwa nikaenda kwenye kambi za waliohama, pale kwenye maturubai pembezoni mwa mji. Watu wetu wamejaa huko. Nilitembea kutoka turubai hadi turubai nikisalimia kwa heshima zote, kisha nikiuliza swali ambalo kwetu ni aibu kumuuliza mzee. Wa kwanza aliangalia chini, akasema, "Mu vita gani, mama? Ya zamani ama ya sasa?" Mwingine alinijibu kwa hasira kwamba hapa walishakula panya, mimi nazungumzia samaki. Mmoja aliyekuwa na zizi lililosifika kuliko yote katika utoto wangu alianza kueleza kwamba samaki wa kopo si samaki hasa, akanyamaza katikati. Nilisema samahani, nikasema samahani, na kila niliyemuuliza nilimwacha mdogo kuliko nilivyomkuta.

Karibu na mwisho wa safu nilimkuta mzee mrefu, mwembamba, amekaa wima juu ya kidumu. Nilipomuuliza, aliinua kichwa.

"Mie? Hata mara moya. Na sitakula."

Nililia kwa furaha. Nilimshika mikono, nikamweleza yote, akaanza kutafuta fimbo yake aje nami. Ndipo mke wake akatoka nyuma ya turubai. Alikuwa ameshika mwiko wa kupikia. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Asiende," akasema polepole. "Atamuharibia mwenzake. Naweka unga ya samaki mu maharage yake tangu tulifika hapa. Batoto balikufa barabarani, nikaona na yeye anaenda. Nisamehe."

Mzee aliiweka fimbo chini, akabaki akiitazama. Mimi ndiye niliyemletea hilo, kwa swali langu, mchana kweupe, na sikuwa na chochote cha kumpa. Niliondoka. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, na njiani nilielewa kwamba ninayemtafuta hayupo. Kwamba katika mji mzima wa Bunia hakuna mdomo hata mmoja wa watu wa maziwa wa kumsafisha baba yangu. Watu wenyewe hatukufa. Tulikula, basi, tukaendelea kuitana jina lile lile.

Nilimweleza baba yote, hata la yule mke. Sikuwa na nguvu ya kuficha. Alisikiliza hadi mwisho. Akaomba asaidiwe kusimama.

Alikwenda kwenye ukingo wa ukuta ambapo majani huota, akang'oa ukoka kidogo, akamwita rafiki yake. Nilijua anachofanya. Kwetu ng'ombe wa kufuga hutolewa kwa neno. Ng'ombe wa kutoa kabisa hutolewa kwa majani mkononi, na hapo mtoaji humtemea mate ya baraka. Baba hakutema. Alimwekea tu ukoka kiganjani akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

"Haiko ya kuchunga tena. Ni yako."

"Sitaki," mzee wa jembe akasema. Machozi yalikuwa yakichora njia kwenye mashavu yake. "Chukua, ndeko. Utakuwa mutu ya namna gani bila ngombe?"

Baba alinitazama mimi, na rafiki yake akanitazama, wote wawili wakinisubiri mimi binti asiye na ng'ombe. Kama ningemwambia asipokee, baba angebaki mtu wa maziwa mpaka mwisho wake, na mwisho wake haukuwa mbali.

"Pokea, baba," nikamwambia yule mzee. "Tafadhali, pokea."

Akapokea. Ana shemeji yake upande wa Mahagi ambako bado kuna malisho, na alitaka kuondoka kabla jua halijazama. Baba alikaa kwenye kiti chake akaomba samaki. Mama wa samaki alileta sahani, akaiweka, akarudi ndani akafunga mlango.

Mzee wa jembe alivuta kamba. Ng'ombe alifika langoni akagoma. Alipigwa kidogo, hakwenda. Aligeuza shingo upande wa kiti cha baba akalia, akanyamaza kusubiri, akalia tena. Wanaume wa kwetu wana sauti wanayompa ng'ombe wao anapoogopa njia, kila mmoja na yake, na akiisikia anakwenda. Ng'ombe wa mtu mwingine humwiti. Alilia pale langoni mpaka watu wa barabarani wakasimama kuangalia, na baba, ambaye alikuwa anamsikia vizuri, akainamisha kichwa juu ya sahani akaendelea kutoa miba.